Kokoto za Baba

Nimepanda tangi la kilimani, vidato arobaini na kimoja,
viwili vimeliwa na kutu,
daftari kwapani, mfukoni rula ya nyufa,
ile ya plastiki, mistari yake inaanzia unywele
na kuishia kamba ya kiatu.

Chini, Newala imeamka na madumu yake.
Foleni imezunguka ukuta: njano, njano, njano,
moja la bluu, la Mama Ntauka.
"Mhandisi, lini?"
Mimi ni fundi sanifu wa maabara tu.
Lakini kwa mwenye dumu tupu
kila kofia ngumu ni mhandisi.

Nyufa zimetambaa, si wima, si mlalo.
Zinakutana tatu tatu
kama tope la lambo mwezi wa kumi,
kama chale usoni kwa bibi yangu Nambunga.
Ila chale za bibi zilikuwa na fundi wake,
na siku yake, na yeye mwenyewe aliyekaa akanyamaza.
Hizi hakuzichanja mtu.
Zinatoka ndani.

Na waliziba. Msiseme hawakuziba.
Kila bajeti ilipopatikana alikuja mtu na mwiko,
akapaka, akapiga chokaa, akapiga picha, akaondoka.
Ufa ukafumba, ukafumbua pembeni.
Waliotuachia methali walijua kuta za udongo,
hawakuujua ufa unaotungwa mimba tumboni mwa ukuta.

Mwezi uliopita nilikata vipande vitatu vya zege,
mviringo, urefu wa kiganja hadi kiwiko,
nikavifunga kwenye nailoni kama mihogo ya safari.
Chini ya hadubini kila kokoto ilikuwa na ukingo mweusi,
jicho lililopakwa wanja,
na kwenye mpasuko, ute,
mzito kama mafuta ya ganda la korosho
kabla hayajakuunguza.

Mwenyekiti Chilumba anataka maneno ya nyumbani.
Njugumawe zikigoma kuiva, namuuliza, mnatia nini?
"Magadi."
Basi saruji nayo ina magadi yake,
na njugumawe ndizo kokoto hizi.
Miaka thelathini na minne zimo chunguni,
zinalegea, zinatoa ute,
na ute una kiu. Unakunywa, unavimba,
hauna pa kwenda, unasukuma.
Hapana tetemeko hapa, wala mkono wa mtu.

Anafikiri kidogo. "Kokoto zilitoka wapi?"
Najifanya naandika.

Zilitoka bondeni, kando ya Ruvuma.
Baba yangu Nalyoto alilipwa kwa debe,
na hakuokota ovyo: aligonga moja kwa nyingine
karibu na sikio, kama anunuaye sahani.
"Hii inalia vizuri."
Zilizolia vizuri ndizo zilizonilipia ada.
Nilisoma kemia kwa mawe haya
ili nije niyashitaki.
Baba hakukosea.
Hakuna sikio linalosikia silika.

Nabandika vioo vipya juu ya ufa mkubwa,
vyembamba, gundi ncha mbili, tarehe kwa wino usiofutika.
Vya Februari vimekatika vyote, kimebaki kimoja,
nacho kimeingia ukungu.

Ripoti itasema ugonjwa huu hauna dawa,
unanyimwa maji tu, ulale.
Tangi lipone, lisionje maji.
Sentensi hiyo nimeiandika mara nne,
nimeifuta mara tatu.

Naegemeza shavu ukutani. Baridi.
Upande wa pili maji yanapumua,
na kati ya maji na shavu langu
kokoto za baba zinakunywa kwanza,
hazipangi foleni.

Dumu la bluu limefika bombani.
Limejaa nusu, bomba limekohoa.
Mama Ntauka anainua uso, mkono juu ya macho,
na safari hii haulizi.